Kibarua wa shamba ndani ya karatasi za Waingereza: familia ya Tolpuddle

Kwa masomo ya historia tulisikia Uingereza ya wafalme, ya mashine ya mvuke, ya Stanley. Kibarua wa shamba wa Uingereza hatukumusikia. Na kumbe ni moja ya inchi ambako unaweza kufuata familia ya vibarua, watu wasiojua hata kuandika jina lao, karatasi kwa karatasi, miaka mia mbili na zaidi nyuma. Nitaeleza ginsi inafanyika kwa kufuata familia moja. Lakini usitazame karatasi tu. Kila mara uliza: nani aliandika, na alikuwa anataka nini kwa ule mtu?

Tolpuddle ni kijiji kidogo cha Dorset, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1834 wanaume sita wa kule walihukumiwa miaka 7 ya kupelekwa Australia, juu walijiunga na sendika. George Loveless na James Loveless walikuwa ndugu wa tumbo moja. Thomas Standfield alikuwa shemeji yao, aliyeoa dada yao Dinniah. John Standfield ni mtoto wa Thomas. Wa tano, James Brine, alikuwa kijana bado, na kisha mambo yote ataoa binti wa Thomas. Wa sita ni James Hammett, nitarudi kwake. Kwa hiyo hii kesi ambayo vitabu vinaiita kesi ya sendika, ukiitazama vizuri ni familia moja iliyovunjwa kwa siku chache.

Mbele ya 1834 hao watu wako wapi ndani ya karatasi? Kwa sehemu kubwa, ndani ya buku la kanisa. Tangu 1538 kila parokia ya Kanisa la Uingereza ilipaswa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Loveless na wenzake walikuwa Wamethodisti, George mwenyewe alikuwa muhubiri. Lakini kuanzia 1754 hadi 1837, ndoa haikuwa halali kama haikufungwa ndani ya Kanisa la Uingereza, isipokuwa kwa Wakweka na Wayahudi. Basi hata Mmethodisti mkali ilibidi aende mbele ya padre wa upande mwingine, na wewe leo unamkuta pale. Sheria ile ile ilitaka bwana na bibi watie sinyatiri au alama. Alama ya msalaba mahali pa jina inakuambia kitu ambacho hakuna mtu aliwauliza: nani alipata shule na nani hakupata.

Aina ya pili ya karatasi ilizaliwa juu ya hofu ya pesa. Tangu sheria ya 1662, masikini aliyeomba msaada aliweza kurudishwa kwa parokia yake. Hakimu alimkalisha chini na kumuuliza: ulizaliwa wapi, ulifanya kazi kwa nani, kwa mwaka mzima au kwa siku, ulipanga nyumba ya bei gani. Walitaka kujua kama wanaweza kumfukuza, basi. Lakini ile hofu ya kulipa ilituachia hadithi za maisha ya vibarua ambazo mtu mwingine hangeziandika. Mimi naona hizi karatasi zinapita sensa kwa utamu, hata kama zilifanywa kwa nia mbaya.

Sasa 1834 yenyewe. Kwa sisi wa agronomi, sababu inaanza kwa shamba. Zamani kibarua wa Dorset alikuwa na kazi ya majira ya baridi: kupura ngano kwa fimbo, ndani ya ghala, wiki kwa wiki, wakati inje hakuna la kufanya. Mashine ya kupura ilipoingia ilikula ile kazi yote. Mwaka 1830 vibarua wa kusini walizivunja mashine, wengine walinyongwa, wengine wakapelekwa ng'ambo. Tolpuddle mshahara ulikuwa shilingi 9 kwa wiki, ukashuka hadi 8, kisha 7, na wakaambiwa unakuja 6. Haya tunayajua kwa mkono wa George Loveless mwenyewe, juu aliporudi aliandika kitabu kidogo mwaka 1837. Kibarua aliyejiandikia ni kitu cha adimu sana, na ninyi mnaotafuta familia za watu wa kawaida, msitegemee bahati ya namna hiyo.

Sendika haikuwa kosa, ilikuwa imeruhusiwa tangu 1824. Kwa hiyo hakimu wa pale, James Frampton, mwenye mashamba, alimwandikia barua waziri wa mambo ya ndani, Lord Melbourne, kutafuta njia. Njia iliyopatikana ni sheria ya 1797 juu ya viapo vya siri, iliyotungwa kisha uasi wa wanamaji. Vibarua walikuwa wameapa wakiwa wamefungwa macho, mbele ya picha ya mifupa ya mtu. Walikamatwa tarehe 24 Februari 1834. Katikati ya Machi wakahukumiwa ku Dorchester.

Kesi ikifika tribinali, karatasi zinaongezeka kama mvua. Kuna barua za Frampton, maneno ya mashahidi, dosiye ya gereza, orodha ya meli. Watano walipakiwa ndani ya meli Surry kwenda Sydney. George aliyekuwa mgonjwa alifuata na William Metcalf hadi Van Diemen's Land, inchi tunayoiita leo Tasmania. Orodha za wafungwa waliofika Australia ziliandika umri, kazi, dini, mahali pa kuzaliwa, kama mtu anajua kusoma, urefu, rangi ya macho, makovu. Fikiri kidogo: mbele ya picha, tajiri wa kijiji alilipa mchoraji ili sura yake ibaki. Kibarua sura yake ilibaki juu serikali iliogopa atatoroka.

Na wanawake? Hapa karatasi zinanyamaza. Bwana akihukumiwa, bibi haandikwi. Tunawaona mara moja, na ni kwa njaa: Frampton alikataa wapewe msaada wa parokia. Watu wa London walikusanya pesa ndiyo wakawatumia. Ukitafuta bibi ndani ya sensa za miaka iliyofuata, mara nyingi sehemu ya kazi utaikuta tupu, hata kama alikuwa akifanya kazi tangu asubuhi. Wanawake wengi wa Dorset walishona vifungo vya nguo nyumbani, biashara iliyojulikana sana mbele ya mashine kuiua. Karani aliyepita mlangoni hakuiona kuwa kazi.

Tuje kwa magazeti, juu hapo ndipo vijana wanateleza. Mwaka 1834 kila gazeti lilibeba kodi ya peni 4. Bei ilifika karibu peni 7. Shilingi ina peni 12, basi shilingi 7 ni peni 84: gazeti moja lilikula sehemu moja ya 12 ya mshahara wa wiki. Gazeti lililolipa kodi liliandikwa kwa wenye mashamba na wanasheria. Magazeti ya wafanyakazi, kama Poor Man's Guardian, yaliuzwa bila kodi na wauzaji wake walifungwa. Kodi ilishuka hadi peni 1 mwaka 1836, ikafutwa 1855, na hapo ndipo magazeti ya bei ya chini yanakuwa mengi na majina ya watu wadogo yanaanza kujaa: ajali ya machimbo, mtu aliyekufa maji na uchunguzi wa kifo chake, mashindano ya viazi, mwizi wa kuku. Kwa hesabu pia uwe mwangalifu. Tarehe 21 Aprili 1834 watu waliandamana London kuwaombea wale sita, na idadi zilizoandikwa hazipatani hata kidogo, kila gazeti na tumbo lake. Tena magazeti ya mikoa yalinakiliana. Ukipata habari moja mara kumi, bado ni shahidi mmoja.

Msamaha ulitoka Machi 1836. George alirudi Juni 1837. Tarehe 1 Julai ya mwaka huo serikali yenyewe ilianza kuandikisha uzazi, ndoa na vifo, na tangu hapo kutafuta kunakuwa rahisi zaidi. Wengine walirudi 1838. Walikodishiwa mashamba Essex, na kule ku Greensted, mwaka 1839, James Brine alioa Elizabeth Standfield. Sensa ya 6 Juni 1841 inaweza kukudanganya umri: mtu wa zaidi ya miaka 15 walimpunguzia hadi tano ya chini, kwa hiyo wa 39 anaandikwa 35. Na kibarua wa shamba hakupewa hata neno zima, karani aliandika Ag Lab akapita. Sensa ya 1851 ni nzuri zaidi, inasema kila mtu alizaliwa parokia gani na ni nani kwa mwenye nyumba.

Lakini 1851 hao watano ukiwatafuta Uingereza hutawapata. Walikuwa wamehamia Kanada, karibu na mji wa London, Ontario, wakapata mashamba. Inasemekana walinyamaza kabisa juu ya yaliyopita, hata watoto hawakuambiwa. Hapa karatasi inajua kitu ambacho familia haikujua. Kwetu tumezoea kinyume: mzee anajua, karatasi haijui.

Aliyebaki Tolpuddle ni Hammett. Alirudi 1839, wa mwisho, akafanya kazi ya kusaidia wajenzi. Mwaka 1829 alikuwa amefungwa miezi minne kwa kuiba vipande vya chuma, na ile karatasi ipo, hakuna aliyeitupa. Mwaka 1875 sendika ya vibarua wa shamba ilimpa saa. Alipozeeka alienda mwenyewe kwenye nyumba ya masikini ya Dorchester ili asiwe mzigo kwa watoto, na akafa mle 1891. Nyumba hizo ziliogopwa sana, hadi kuanzia 1904 makarani waliagizwa wasiandike jina lake kwenye karatasi ya mtoto aliyezaliwa mle. Waliweka namba na jina la barabara tu. Ukikuta mababu wako wa kutafuta wamezaliwa kwa anwani isiyoeleweka, kisha namba ile ile kwa watoto kumi, umejua. Kaburi la Hammett lilipata jiwe mwaka 1934, lililochongwa na Eric Gill.

Kama unataka kujaribu, huhitaji dola nyingi. British Newspaper Archive inalipisha, lakini Trove ya Australia ni bure, na magazeti ya Sydney na Hobart ya miaka hiyo yamo. FreeBMD ni bure kwa orodha za uzazi, ndoa na vifo tangu 1837. Old Bailey Online ni bure kwa kesi za London, 1674 hadi 1913. Mega kidogo zinatosha. Jina liandike kwa namna zote, Standfield na Stanfield, juu karani aliandika alichosikia. Na usitafute jina ambalo watu walipewa baadaye. Ukiandika "Tolpuddle Martyrs" ndani ya magazeti ya 1834 utaona kama hawakuwahi kuwepo. Wakati ule waliitwa vibarua wa Dorchester. Andika Dorchester, kisha soma ukurasa mzima, hata bei za ngano zilizo pembeni.