Tumbo, chakula na wasiwasi kwa mutoto wa otismu: mambo ambayo muzazi anapaswa kujua

Mutoto hasemi. Saa ya kula analia, anakandamiza tumbo kwenye kiti. Usiku halali, na akiguswa anashituka. Kikula, kama pengine Katanga, haikawii mutu kusema: «Huyu mutoto iko na bulozi.» Lakini mara nyingine shida iko karibu zaidi: mutoto anaumwa tumbo, na hana maneno ya kuliambia watu.

Otismu ni nini?

Otismu (Tanzania wanaiita usonji) ni namna tofauti ya ubongo kukomaa tangu utoto. Inagusa lugha, kukaa na wengine, na namna ya kusikia sauti, harufu na ladha. Munganga Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka wa 1943. Haitoki kwa laana wala kwa malezi mabaya.

Watoto hawa wengi wako na wasiwasi mukubwa. Mwaka wa 2013, watafiti wa Amerika ya Kaskazini walitoa matokeo juu ya watoto 2973 wa otismu: karibu mumoja kwa kila wane alikuwa na shida ya tumbo ya muda murefu, na shida hiyo ilifuatana na wasiwasi.

Prebiotiki

Ndani ya utumbo munaishi vijidudu vingi, na vingi vinatusaidia. Prebiotiki ni chakula cha hivyo vinavyosaidia: sehemu ya chakula ambayo tumbo letu lenyewe haliwezi kusaga. Ziko katika maharagi, vitunguu, ndizi ambazo hazijaiva sana, na viazi vilivyopikwa kisha vikapoa. Hata maziwa ya mama yanazo. Vijidudu vikizila, vinatengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Na utumbo unasemezana na ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu na damu.

Je, zinapunguza wasiwasi?

Bado haijahakikishwa. Mwaka wa 2018, Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kilijaribu prebiotiki kwa watoto 30 wa otismu muda wa wiki 6. Kulikuwa dalili nzuri kidogo, zaidi kwa wale waliokuwa tayari wanaepuka vyakula fulani. Lakini watoto 30 ni wachache. Mwaka wa 2021, watafiti wa Australia waliangalia watoto 247, wakaona kwamba tofauti ya vijidudu inatoka zaidi kwa chakula: mutoto anayekubali bukari tupu na kukataa sombe juu ya harufu yake, tumbo lake linabadilika pia.

Kwa hiyo prebiotiki si dawa ya otismu. Anayekuuzia unga kwa kusema utaiponyesha, usimupe feza yako.

Nini kifanyike nyumbani?

– Andika kwa wiki mbili: siku gani alienda choo, alikula nini, alilia saa gani. Peleka karatasi hiyo kwa munganga.
– Mupe maji safi ya kutosha.
– Ongeza maharagi kidogo-kidogo. Yakiwa mengi mara moja, tumbo linajaa hewa na maumivu yanazidi.
– Usimunyang'anye chakula anachokubali. Weka kipya pembeni, bila kumulazimisha.
– Usimufungishe kula, na usimupitishie pilipili wala dawa ya miti kwa nyuma. Hiyo inaunguza utumbo.

Akitoa damu chooni, akikonda, akitapika mara kwa mara, tumbo likivimba, ao akipitisha siku nyingi bila choo, mupeleke kituo cha afya bila kungoja.

Sheria inasema nini?

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mutoto, inakataza kumusingizia mutoto bulozi. Kifungu cha 160 kinaweka azabu ya kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Mutoto asiyesema hawezi kujitetea. Ni muzazi na jirani ndio wa kuuliza kwanza: je, tumbo lake liko namna gani?