Kahawa Chungu, Kashata na Siasa za Unguja

Wanaoandika historia ya siasa za Zanzibar huanza na vyama, katiba na majina ya viongozi. Hakuna ubaya. Lakini vyama vilizaliwa vikakuta mahali pa kukutania pamekwisha kutayarishwa zamani, na aliyepatayarisha hakuwa mwanasiasa. Alikuwa muuza kahawa.

Dele lake la shaba hukaa juu ya jiko dogo la makaa, kwa hiyo kahawa haipoi hata akizunguka mitaa mitano. Mkono wa pili una vikombe vidogo visivyo na masikio. Anavigonganisha, na mlio huo ndio tangazo lake. Hana haja ya kunadi. Enzi za ukoloni kazi hii ilishikwa sana na Washihiri, watu waliokuja na majahazi kutoka Hadhramaut, wakafanya zile kazi ndogondogo ambazo mji hauwezi kuishi bila ya hizo na wenye mji hawataki kuzifanya. Kahawa yenyewe ni chungu, pengine imetiwa tangawizi au iliki, lakini haitiwi sukari. Utamu uko pembeni: kipande cha kashata, halua kidogo, au tende. Unang'ata, unapiga funda, unang'ata tena, na katikati ya funda na funda unatoa maoni yako juu ya Serikali.

Kashata haina siri kubwa ila ina haraka yake. Nazi iliyokunwa, au njugu zilizokaangwa, hutiwa kwenye sukari inayochemka, hukorogwa kwa mwiko mpaka mkono ukauma, kisha humwagwa kwenye sinia na kukatwa ingali ya moto. Ikipoa haikatiki tena, huvunjika. Mpishi wake kwa kawaida ni mwanamke aliye ndani, na anayeipeleka barazani ni mtoto au muuza kahawa mwenyewe. Bibi huyo hakai na wanaume barazani wala haulizwi anamuunga mkono nani, lakini gumzo likinoga na kashata zikenda, fedha inamfikia. Katika maandishi mengi juu ya siasa za visiwa hivi sijakutana naye, na nadhani ni upungufu.

Baraza nalo ni jambo rahisi: kibao cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nje, kando ya njia. Hapo mgeni hupokewa bila kuingizwa ndani, na mwenyeji huonekana na mtaa mzima. Baada ya alasiri, na zaidi baada ya isha, watu hukaa. Aliyepita bila kusalimu huulizwa kesho yake ana nini.

Chombo cha kwanza cha habari cha kisasa kilichoenea katika mazingira haya hakikuwa gazeti, kwani waliojua kusoma walikuwa wachache. Kilikuwa santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, alikwenda Bombay na wenzake kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Santuri zile ziliporudi zilipigwa mikahawani, na aliyenunua kikombe kimoja aliweza kusikiliza nyingi. Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi tu. Ule wa Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke na hukumu ya mahakama iliyowaacha watu wa kawaida na kinyongo. Mwaka huohuo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo, mitaa iliyo ng'ambo ya Mji Mkongwe, waligoma kulipa kodi ya viwanja vya nyumba zao. Sidai kwamba wimbo ulileta mgomo. Ninachosema ni kwamba watu walewale, usiku uleule, waliweza kuzungumza yote mawili kwa kikao kimoja.

Magazeti nayo yalisomwa kwa sauti. Nakala moja ilitosha baraza zima: mmoja anasoma, mwingine anakatiza, wa tatu anataka aya irudiwe. Al-Falaq la Jumuiya ya Waarabu lilianza mwaka 1929, na mwaka 1954 viongozi wa jumuiya hiyo walishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya maandishi yake. Mwongozi la Ahmed Seif Kharusi lilikuja kuwa sauti ya Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party; Afrika Kwetu la Mtoro Rehani lilisema kwa ajili ya Waafrika. Kila moja lilijua maneno ya kumchoma mwenzake, na wasikilizaji walijua nani atakunja uso likisomwa lipi.

Redio ndiyo iliyobadili mambo. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, nayo ilikuwa redio ya Serikali yenye adabu zake: matangazo rasmi, mashairi, taarabu. Kisha Julai 1954 Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili kuelekea Afrika Mashariki. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa Malindi au Kikwajuni alisikia, kwa lugha yake mwenyewe na bila kunong'onezwa, kwamba ukoloni ni dhuluma na mwisho wake umekaribia. Vita vya Suez vya mwaka 1956 vilimfanya Gamal Abdel Nasser kuwa jina la kila baraza. Maofisa wa Kiingereza walihangaika, maana gazeti unaweza kulifungia na mhariri ukamshtaki, lakini mawimbi ya hewani hayapiti forodhani. BBC nayo ilianzisha matangazo ya Kiswahili Juni 1957. Sababu hutajwa nyingi, ila ni vigumu kuamini kwamba Cairo haikuwa akilini mwao. Redio bado ilikuwa ghali kwa mtu mmoja, na mwenye mkahawa aliyekuwa nayo alijaza viti vyake bila ya kuongeza kitu kingine.

Hadi hapo kahawa ilikuwa imewakusanya watu. Sasa ikaanza kuwatenga.

Hizbu iliundwa Desemba 1955. Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana na kuzaa kile kilichokuja kuwa Afro-Shirazi Party. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, na kule Ng'ambo Abeid Amani Karume wa muungano huo akamshinda Ali Muhsin Barwani wa Hizbu; Hizbu haikupata hata kiti kimoja. Kipindi kilichofuata, mpaka mwisho wa mwaka 1963, wazee wa Unguja na Pemba bado wanakiita zama za siasa, na hawasemi kwa furaha.

Kisa chake hakikuwa bungeni. Kilikuwa dukani, shambani na mkahawani. Wenye mashamba waliwafukuza maskwota waliopigia kura upande mwingine. Wafuasi wa Afro-Shirazi walisusia maduka ya wapinzani wao na mwaka 1958 wakafungua maduka yao ya ushirika. Watu walichagua basi la kupanda kwa chama cha mwenye basi. Mikahawa ikapata vyama: huu wa Hizbu, ule wa Afro-Shirazi, na ukikosea mlango uliambiwa kwa macho kabla ya kuambiwa kwa mdomo. Watu wa familia moja walisusiana hata mazishini, katika jamii ambayo kutokwenda mazishini ni kosa lisilosahaulika. Viongozi wa vuguvugu la uhuru la Afrika Mashariki na Kati, PAFMECA, walikuja kusuluhisha mwaka 1958, na kwa muda mambo yakatulia. Tuliyofundishwa shuleni juu ya zama hizo ni hotuba na matokeo ya kura. Lakini mtu hakuchukiana na jirani yake kwa sababu ya katiba. Alichukiana naye kwa sababu jana alikataa kikombe chake.

Kura zenyewe zilikuja kukaribiana hadi kutisha. Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9, na chama cha Mohammed Shamte, ZPPP, viti 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Kura moja! Mtu mmoja aliyenogewa na gumzo akasahau kwenda kituoni angeweza kugeuza historia ya nchi, na sina shaka kwamba baada ya pale kila baraza la Chake lilikuwa na mtu wake wa kulaumiwa. Wajumbe wa ZPPP wakagawanyika, kila upande ukawa na 11, na uchaguzi ukarudiwa Juni. Safari hii ulifuatwa na ghasia zilizoua watu 68. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, na uhuru wa Desemba 10 mwaka huo ukaja kwa Serikali ambayo wengi wa wapiga kura hawakuichagua.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yamesimuliwa mara nyingi; hapa inatosha kusema kwamba yalisikika kabla ya kuonekana. John Okello, kiongozi wa waasi, alizungumza kupitia Sauti ya Unguja, na wengi waliijua sauti yake kabla ya kuujua uso wake. Baada ya hapo magazeti ya vyama yalikwisha, na baraza likajifunza kunong'ona. Ilikuwa busara kumtazama vizuri aliyekaa pembeni kabla ya kutoa neno. Kisha ukaja mgao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 mchele, unga na sukari vilikuwa vya foleni, na bila ya sukari hakuna kashata. Karume mwenyewe, sasa Rais, hakuacha desturi ya kukaa na watu: Aprili 7, 1972 alipigwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya chama chake, akiwa anacheza bao.

Serikali ileile iliyobana sukari ilileta kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikawa na televisheni ya rangi, ya kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994. Televisheni haikuwatoa watu barazani. Iliwakusanya upya mbele ya kioo, kama santuri na redio zilivyofanya kabla yake. Mji Mkongwe kuna njiapanda ya vichochoro ambayo mpaka leo inaitwa Jaws Corner, kwa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975. Ukutani papa amechorwa, barazani wazee wanacheza dhumna, na katikati dele linachemka.

Hata hivyo njiapanda hiyo haikujulikana nchi nzima kwa ajili ya papa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Jaws Corner ikawa kambi ya chama cha upinzani, CUF, na maskani ya Kisonge kule Michenzani ikawa ya chama tawala, CCM. Kisonge walikuwa na ubao, na kilichoandikwa asubuhi kwa chaki kilikuwa kimefika Jaws kabla ya adhuhuri, pengine kimeongezwa chumvi njiani. Uchaguzi wa Rais wa Zanzibar wa Oktoba 1995 ulimpa Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad wa CUF, yaani Maalim Seif, 49.8, na wazee waliokumbuka mwaka 1961 walijua kinachofuata. Kususiana kulirudi, Pemba hasa: madukani, vyomboni, mazishini. Januari 2001 watu wakauawa na vyombo vya dola katika maandamano. Dira lilipotoka mwishoni mwa 2002 chini ya uhariri wa Ali Nabwa, lilihesabiwa kuwa gazeti la kwanza binafsi la Zanzibar tangu Mapinduzi; Novemba 2003 lilifungiwa. Kisonge ubao wao haukufungiwa, maana ulikuwa upande wa wenye funguo.

Novemba 5, 2009 Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, na picha yao ikazunguka mji. Julai 31, 2010 asilimia 66 ya wapiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi uliofutwa mwaka 2015 na kurudiwa Machi 2016 ulivuruga mengi, na leo simu ya mkononi inafanya kazi ya msomaji wa gazeti, ya redio na ya ubao kwa pamoja, ila haimpi mtu kikombe.

Ukipima zama zote hizi, utaona kwamba kila serikali ilijaribu kukishika chombo: ikamshtaki mhariri, ikachunga redio, ikamiliki televisheni, ikafungia gazeti. Hakuna iliyofanikiwa kuzima baraza kwa amri. Waliokaribia kulizima ni wenye baraza wenyewe, mwaka 1958 na tena baada ya 1995, walipokubali kwamba kikombe kina chama.

Waliokuwa vijana wa kura ya 1957 sasa wamebaki wachache, na wamezeeka sana. Habari za Ali Muhsin na Karume zimo vitabuni. Habari za aliyekuwa akimimina kahawa katika mkahawa uliosusiwa, na za bibi aliyelazimika kuchagua kashata zake zipelekwe upande gani, hazimo. Mwenye babu, bibi au mjomba aliyekuwapo, kwa Unguja au Pemba, na amuulize mwaka huu, na amwandike.