Mnigeria mzungu kwenye baiskeli: komedi za michezo zinamcheka nani?

Umewahi kuangalia dokumentari ya michezo, ukafika katikati ndiyo unagundua kwamba unachezewa? Hiyo ni mokumentari: filamu ya kubuni inayojifanya dokumentari. Mahojiano yapo, picha za zamani zipo, ila vyote vimetungwa ili ucheke.

Inayotugusa Waafrika ni Tour de Pharmacy, iliyotoka HBO mwaka 2017. Inawacheka waendesha baiskeli wanaotumia dawa za kuongeza nguvu, kwenye Tour de France ya kubuni ya 1982 ambapo wanabaki watano tu. Mmoja anaiwakilisha Nigeria. Na ni mzungu, kaigizwa na Andy Samberg! Mwingine ni Mmarekani mweusi, kaigizwa na Daveed Diggs. Mwanamke naye yumo, kajifanya mwanaume ili ashindane, na anayemwigiza ni mwanaume, Freddie Highmore.

Utani huo haujatoka hewani. Chris Froome, bingwa wa Tour de France mara 4, ni mzungu aliyezaliwa Nairobi. Alianza kwa kuiwakilisha Kenya, akahamia Uingereza mwaka 2008. Aliyemfundisha mwanzoni ni David Kinjah, Mkenya mweusi, na jina lake wengi hawalijui.

Ila kati ya wale watano, mweusi kutoka Afrika hayumo hata mmoja. Hapo filamu ilishapitwa na wakati, maana mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alishavaa jezi ya mfalme wa milima. Mwaka 2024 Biniam Girmay, naye wa Eritrea, akashinda hatua 3 na kubeba jezi ya kijani. Yaani mhusika wa kweli alikuwepo, hakuitwa tu.

Mambo hubadilika kamera ikishikwa na mtu wa huku. The Samaritans, mokumentari ya Kenya ya 2014, inayacheka mashirika ya misaada. Mtu wa Kasulu au Kibondo, anayepishana na magari ya mashirika kila siku, haitaji kufafanuliwa.

Kwa michezo, Kigoma malighafi tunayo. Julai 25, 2021 Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1-0. Hebu fikiria mahojiano: mzee wa Ujiji anayeapa alijua matokeo tangu asubuhi, mama wa mawese aliyeuza zaidi ya mwenye tiketi, na shabiki aliyekuja kwa baiskeli na bado anaitafuta.