Msomaji Msibani: Vifo vya Robert Jordan na Terry Pratchett

Tangu Roland Barthes alipochapisha insha yake juu ya kifo cha mwandishi mnamo 1967, wahakiki wengi wamezoea kumzika mtunzi mapema ili matini ibaki na msomaji. Kwa Barthes, msomaji ndiye mrithi. Hata hivyo, nadharia hiyo haikutueleza mrithi huyu hufanya nini siku mwandishi anapokufa kwelikweli, kwa maradhi, na kuombolezwa. Jibu la kihistoria linapatikana kwa uwazi zaidi katika utanzu ambao idara zetu huutazama kwa jicho la dharau, yaani riwaya ya kifantasia.

Waandishi wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1948, watatufaa. Wa kwanza ni James Oliver Rigney, Mmarekani wa Charleston, South Carolina, aliyejulikana na wasomaji kwa jina la Robert Jordan. Alipigana Vietnam, akasomea fizikia, na mnamo 1990 akatoa juzuu ya kwanza ya The Wheel of Time. Alipofariki tarehe 16 Septemba 2007, alikuwa amechapisha juzuu 11 za kisa kikuu, nacho kisa hakijafika mwisho. Msiba wa wasomaji wake ukawa na sura mbili: walimlilia mtu, na walikililia kisa. Walioanza safari hiyo wakiwa wanafunzi wa sekondari walikuwa sasa wazazi, nao wakaachwa njiani. Wapo waliowasuta kwamba huko ni kujililia wenyewe. Suto hilo halina uzito. Yeyote aliyepata kusikiliza ngano usiku, akapitiwa na usingizi kabla ya tamati, anajua kwamba kisa kisichomalizwa ni deni.

Miongoni mwa waombolezaji alikuwamo Brandon Sanderson, mwandishi kijana ambaye riwaya yake ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka 2005. Aliandika taanzia ya kumshukuru marehemu. Taanzia hiyo ikamfikia Harriet McDougal, mjane wa Jordan na mhariri wake wa miaka mingi, naye akamchagua Sanderson aikamilishe kazi. Jordan alikuwa ameacha maelezo, vipande vilivyoandikwa, masimulizi aliyowapa jamaa na wasaidizi wake katika siku za mwisho, na hata sehemu ya kumalizia kisa. Juzuu moja iliyokusudiwa ikazaa tatu, ya mwisho ikatoka Januari 2013.

Jambo hili lastahili kutafakariwa na sisi tuliolelewa katika ushairi wa Kiswahili. Kwetu, taanzia humsifu marehemu, humwombea, huwaliwaza walio hai, kisha mshairi akaweka kalamu chini. Hapa taanzia iligeuka kuwa hati ya urithi. Mwombolezaji alikabidhiwa funguo za nyumba ya marehemu. Mwenye sikio atazitambua sauti mbili katika juzuu hizo tatu, kwani sentensi za Sanderson zina haraka ambayo Jordan hakuwa nayo, lakini wasomaji wengi waliipokea tofauti hiyo kama mtu anavyompokea mwana aliyefanana na baba kwa kiasi tu.

Terry Pratchett, Mwingereza, alifuata njia nyingine. Desemba 2007, miezi mitatu baada ya kifo cha Jordan, alitangaza kwamba ana namna adimu ya maradhi ya Alzheimer. Riwaya zake za Discworld, zilizoanza mwaka 1983 na kufikia 41, zinasimulia dunia bapa inayobebwa na tembo wanne juu ya mgongo wa kasa. Mmojawapo wa wahusika wake wakuu ni Mauti mwenyewe: mpole, mwenye udadisi, apendaye paka. Basi alipofariki tarehe 12 Machi 2015, wasomaji walikuwa wamefunzwa maombolezo kwa zaidi ya miaka 30 bila kujua. Habari ya kifo chake ilitolewa kwa lugha ya mhusika huyo huyo. Wasomaji wakatia sahihi ombi la kumsihi Mauti amrudishe. Anayeona kufuru katika mzaha huo awakumbuke watani wa Tanzania, ambao kazi yao msibani ni kuwachekesha wafiwa.

Kilicho kizito zaidi ni kile walichokichota ndani ya matini. Katika riwaya ya Going Postal (2004) mna minara ipelekayo habari kwa ishara, na jina la kijana aliyekufa kazini husafirishwa humo bila kukoma: lipitishwe, lisiandikwe daftarini, ligeuzwe lifikapo mwisho wa njia. Wasomaji wenye ujuzi wa kompyuta waliliingiza jina la Pratchett katika mitambo ya intaneti, mahali ambapo jicho la mtazamaji wa kawaida halifiki, ili lizunguke vivyo hivyo. Nadharia ya upokezi ya Jauss huzungumzia matarajio ya msomaji; hapa msomaji ameitoa ibada ya kubuni kitabuni na kuitekeleza.

Urithi wa maandishi, hata hivyo, walinyimwa. Pratchett alitaka kazi zake zisizokamilika ziangamizwe. Tarehe 25 Agosti 2017, katika maonyesho ya mitambo ya mvuke huko Dorset, msaidizi wake Rob Wilkins alisimamia diski ya kompyuta iliyozihifadhi ikikanyagwa na mtambo wa kushindilia barabara. Diski ilikuwa sugu, ikabidi itiwe pia katika mashine ya kuponda mawe. Mtafiti wa miswada atasikitika, nami nasikitika. Lakini Max Brod alipokataa kuichoma miswada ya Kafka, aliitetea fasihi kwa kuukaidi wosia wa rafiki, na si kila mwandishi apaswa kutendewa hivyo.

Riwaya ya mwisho, The Shepherd's Crown, ilitoka Agosti 2015, baada ya kifo chake. Mapema tu kitabuni anakufa Granny Weatherwax, mganga mkongwe aliyependwa na wengi. Wapo wasomaji ambao wamekinunua kitabu hicho, wakakiweka rafuni, na hawajakifungua hadi leo, ili pasikose kubaki kitabu kimoja cha Pratchett ambacho hawajakisoma.