Wimbo Ambao Hakuna Aliyeupiga

Krismasi nilikuwa Matungu kwa kukhu, nikacheza kwenye simu vipande vifupi vya piano vya György Ligeti. Kukhu akauliza, "Hapo wanapiga watu wangapi?" Nikamwambia mmoja tu. Akacheka, akadhani namdanganya.

Lakini sikio lake halikukosea. Ukitoka Matungu ukavuka mpaka pale Busia, barabara inakupeleka Kampala. Huko Mengo, kwenye kasri la Kabaka, wanamuziki walipiga amadinda, marimba ya mbao 12. Wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja akipiga katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu anashika mbao mbili za juu. Ghafla unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeupiga.

Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri hilo, alimfundisha Gerhard Kubik kutoka Austria kabla ya uhuru wa 1962. Kubik akaandika, Ligeti akasoma. Akasikiliza pia rekodi za Afrika ya Kati, na deni hilo hakulificha. Kati ya 1985 na 2001 akatunga vipande 18.

Shida ni kwamba Mei 1966 jeshi la Obote lilivamia Mengo. Vyombo vikateketea, wanamuziki wakatawanyika. Kitabu cha kwanza cha Ligeti kilipotungwa, kasri lilikuwa limenyamaza miaka 19.

Muyinda aliendelea kufundisha, na rekodi zake zipo. Nilimchezea kukhu moja. Safari hii hakuuliza ni wangapi. Alihesabu mwenyewe.