Gari Kubwa na Subira ya Abiria: Njia ya Pap Onditi

Historia ya usafiri wa abiria nchini Kenya huhadithiwa kama ngazi. Mtu alianza na Peugeot kuukuu, akaiuza, akaongezea pesa akapata Nissan. Nissan nayo ikauzwa, pesa zikaongezewa tena, ikaja minibasi ya watu 33, na aliyebarikiwa zaidi akafika kwenye basi. Masimulizi haya yanawapendeza wenye magari kwa sababu yanawasifu, na yanawapendeza watunga sera kwa sababu yanawapa uhakika kwamba gari dogo ni hatua ya kupita tu. Lakini anayeifuata barabara kutoka Kisumu, akavuka mto Nyando pale Ahero, akafika Katito ambapo njia ya Kendu Bay na Homa Bay inaachana na ile ya Sondu na Kisii, kisha akaingia Pap Onditi, makao makuu ya Nyakach, ataona ngazi hiyo ilipandwa nusu, halafu watu wakashuka. Hoja yangu ni kwamba hawakushuka kwa umaskini wala kwa uzembe. Walishuka kwa sababu ukubwa wa gari la abiria hauamuliwi na mfuko wa mwenye gari peke yake. Unaamuliwa na muda ambao abiria anakubali kungoja ndani yake.

Tuanze na wakati ambapo vyombo vikubwa vilitawala. Reli ilifika Kisumu, siku hizo Port Florence, mwaka 1901, na meli za reli zikaanza kuhudumia ghuba na ziwa lote. Kendu Bay ilikuwa na gati lake, nayo Homa Bay vilevile. Meli ni chombo kikubwa kupita basi lolote, na ilijaa katika sehemu ambazo hazikuwa na miji ya maana. Iliwezaje? Ilikuwa na saa. Mkulima wa Nyakach au mfanyabiashara wa samaki alijua siku ya meli, akapanga safari yake kuifuata, na umati ukakutana gatini kwa sababu ratiba ndiyo iliyouita. Mabasi yaliyokuja baadaye yalirithi tabia hiyo. Kampuni kama OTC na Akamba, ambazo watu wa magharibi mwa Kenya walizijua vizuri, ziliuza tiketi, zikataja saa ya kuondoka, na zililindwa na leseni za Bodi ya Leseni za Usafiri, ile TLB iliyoachwa na wakoloni na kudumu hadi sheria ya mwaka 2012 iliyounda mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA. Leseni hizo zilikuwa na ubaya wake: zilimzuia mwananchi wa kawaida kuingia katika biashara, na kijiji kisichopendwa na kampuni kilibaki kutembea kwa miguu. Hata hivyo, basi la watu 60 liliweza kuhudumia barabara yenye abiria wachache kwa sababu halikuwangoja. Wao ndio waliolingoja.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu, yale magari ya abiria ya watu binafsi, kubeba abiria bila leseni ya TLB. Jina lenyewe, kama ijulikanavyo, lilitokana na senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, iliyokuwa nauli ya Nairobi. Agizo hilo ni maarufu kwa kufungua mlango kwa wenye mtaji mdogo. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba lilibadilisha sheria ya kuondoka. Matatu haikuwa na saa, iliondoka ikijaa. Kutoka siku hiyo, swali la ukubwa wa gari likawa swali la hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme steji ya mashambani inapata abiria mmoja kila dakika 3. Gari la abiria 7 litajaa kwa dakika 21. La abiria 14 litahitaji dakika 42. La abiria 33 litasimama dakika 99, yaani zaidi ya saa moja u nusu, huku aliyeketi wa kwanza akiangalia kuku wake wanavyohema kwenye kikapu. Badili kima cha abiria upendavyo, uwiano utabaki uleule. Mjini Nairobi asubuhi, abiria 33 hupatikana kwa dakika chache na hesabu hii haina uchungu. Katika steji ya Nyakach ina uchungu mwingi.

Ndiyo maana Peugeot ilifaa mno. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Ndugu yake 504 ilishinda 1975 na 1978, nayo ikaunganishwa Mombasa kwa miaka mingi. Sifa ya mbio hizo iliuza magari, bila shaka, maana barabara za rally zilikuwa barabara zilezile za matope ambazo abiria wa Nyanza alizifahamu. Lakini sifa ya mwendo ilikuwa nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba Peugeot ya familia yenye safu tatu za viti ilijaa upesi. Abiria alilipia nauli ya juu kidogo, na alichonunua hasa ni kutongoja. Basi lililokuwa na saa likaanza kukuta steji zimekwisha kufagiliwa na magari madogo yaliyotangulia dakika kumi mbele. Hapo ndipo ratiba ilipouawa: mwenye basi akiona viti vitupu, naye akaanza kungoja ajaze, na akiisha kungoja hana tena cha kumzidi matatu. Hata mabasi ya Nyayo, ambayo serikali iliyaanzisha katika miaka ya 1980 yakiwa na nauli nafuu, hayakudumu.

Sheria ya mwaka 1984 iliitambua matatu rasmi na kuidai leseni na ukaguzi, ikaieleza kuwa gari la abiria wasiozidi 25 ukimtoa dereva. Chini ya paa hilo la 25, hatua ya kwanza ya kupanda ngazi ilikuja na magari ya Japani. Milango ya uagizaji ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, Wakenya walikutana na soko lililowafaa kwa bahati. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na ukaguzi wa lazima wa magari huko, unaorudi kila baada ya miaka miwili gari likishapita umri wa upya, humfanya mwenye gari aone heri kuliuza kuliko kulitengeneza. Kenya nayo ikaweka mpaka wa miaka 8 kwa gari linaloingia nchini. Hivyo gari lililochokwa Osaka lilifika Mombasa likiwa na uhai mwingi, na matatu za aina hiyo zikaitwa Nissan zote, hata ile ambayo usoni imeandikwa Toyota. Mwenye Peugeot aliuza, akaongezea, akapanda. Hesabu yake ilikuwa wazi: dereva na kondakta ni walewale wawili, lakini viti vimeongezeka maradufu. Gari lenyewe lilishuka nchi kwa mafungu. Lilianza kazi Nairobi, likachakaa, likauzwa Kisumu, na kutoka Kisumu likaenda kumalizia maisha katika njia za mashambani, mtumba wa mtumba. Ngazi ya mmoja mjini ilikuwa mabaki kwa mwenzake wa kijijini.

Mtu anaweza kusema: mbona basi Nissan ilikubalika Nyakach ikiwa kungoja ni adui? Swali ni la haki, na jibu liko njiani. Nissan ya wakati huo haikungoja kujaa steji. Iliondoka na nusu, ikaokota wengine kando ya barabara hadi Katito na Ahero, na viti vilipokwisha, ubao uliowekwa kati ya viti ukaongeza wengine, huku magunia yakipanda keria. Ilisajiliwa kwa abiria 18 na ikabeba idadi aijuaye kondakta. Kwa maneno mengine, Nissan ilikuwa gari linalonyumbuka. Kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki, ziliondoa unyumbufu huo: abiria 14, kila mmoja na mkanda wake, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni. Ziliokoa maisha, na sitaki kumsikia anayezitania. Ila zilimfanya mwenye gari apige hesabu upya: viti vimepungua na mwendo umepungua, lakini mkopo uko palepale.

Hapo ndipo serikali iliposhikilia hadithi ya ngazi. Kufikia mwisho wa 2010 ilitangaza kwamba haitasajili tena matatu mpya za abiria 14, wenye magari wahamie yale ya 25 na zaidi, na wajiunge katika vyama vya ushirika, yaani saako. Kanuni za 2014 zikadai kila saako au kampuni iwe na magari yasiyopungua 30. Kwa barabara ya Thika au katikati ya Kisumu sera hiyo ina mantiki. Foleni ya abiria haikatiki na barabara imejaa vyuma. Kwa njia ya Pap Onditi ilikuwa ni kumwambia mvuvi wa ndoano anunue meli. Ngazi nayo ilikuwa imevunjika kidato. Kutoka Peugeot kwenda Nissan mtu alinunua mtumba akajazia tofauti. Kutoka Nissan kwenda minibasi ya 33 alikutana na chasi mpya ya Isuzu au ya Mitsubishi iliyojengewa bodi humuhumu nchini, na mkopo wa benki unaodai kila mwezi bila kuuliza kama mvua ilifurisha tambarare ya Kano. Angeweza kununua minibasi iliyokwisha kutumika Nairobi, ndiyo, lakini bei ya kuinunua si gharama ya kuilisha mafuta ikiwa na abiria tisa.

Abiria naye hakukaa kungoja mabishano yaishe. Mwaka 2008 kodi ya VAT iliondolewa kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikafunika Nyanza. Kisha ikaja Probox, gari ambalo Toyota ilianza kuliunda mwaka 2002 kwa ajili ya kubebea bidhaa na watu wa ofisi, na ambalo lilipofika Kenya kama mtumba liligeuzwa kuwa Peugeot ya kizazi kipya. Linajaa kwa dakika chache, linaingia njia za udongo, na bei yake inafikika. Kwa hiyo mzunguko ulirudi ulikoanzia: gari dogo, mwendo wa kasi, safari isiyosubiri. Tofauti ni kwamba Peugeot iliundwa na viti vyake, na Probox inajazwa mpaka dereva anaendesha amekaa upande. Kwa wanaodai gari kubwa ni salama zaidi, nakubali bila kusita. Lakini usalama hauko katika gari lililoandikwa kwenye sheria. Uko katika gari ambalo abiria amelipanda kweli. Sera iliyomkataza mtu Nissan ya viti 14 yenye mikanda, na kumwacha apakatane na watu tisa ndani ya Probox, haikumpandisha daraja.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: mabasi makubwa bado yanaonekana Nyakach, tena mengi. Yanaonekana kweli, hasa mwisho wa juma, na hapo hoja yangu haidhoofiki bali inapata ushahidi. Yanaleta maiti. Mila ya Wajaluo ya kumzika mtu nyumbani kwa babaze ilijulikana dunia nzima mwaka 1987, pale mwili wa wakili S. M. Otieno ulipogombaniwa mahakamani kwa miezi, kati ya mjane wake Wambui Otieno na ukoo wa Umira Kager, hadi ukazikwa Nyalgunga, Siaya, mwezi Mei. Pembeni ya swali la sheria kuna jambo la usafiri ambalo halijapata mwandishi wake. Mazishi ni umati unaojulikana idadi, siku, na saa ya kuondoka Nairobi. Nauli imekwisha kuchangwa kabla gurudumu halijazunguka. Ndivyo ilivyo pia kwa kwaya za kanisa na kwa mabasi ya shule: kalenda ya muhula ndiyo inayoyajaza. Mwenye minibasi kuukuu ya abiria 33 anayeishi kwa kukodisha anapata Ijumaa na Jumamosi kile ambacho steji haimpi tangu Jumatatu. Kwa hiyo mtu wa mashambani anayeuza Nissan yake na kuongezea kwa ajili ya gari kubwa, mara nyingi hanunui gari la njia. Ananunua gari la misiba, na njia ni ya kujazia siku tupu.

Basi meli ya 1901, basi la OTC, na minibasi ya matanga vina jambo moja ambalo Nissan na Probox hazina: saa iliyotajwa mapema. Maofisa wa leseni na viongozi wa saako za Nyando na Nyakach wanaoendelea kubishana kuhusu idadi ya viti wangefanya jema kuanza na karatasi moja iliyobandikwa ukutani Pap Onditi, yenye saa tano za kuondoka kila siku na adhabu kwa gari litakalochelewa, kisha wawaachie wenye magari wachague wenyewe ukubwa.