Chema Hakijiuzi Peke Yake

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni onyo zuri kwa wenye majigambo. Lakini historia ya mji wetu wa Bagamoyo inatufundisha jambo la kuongeza juu ya methali hiyo. Pembe za ndovu zilizotoka bara zilikuwa chema cha hakika, na hata hivyo hazikujiuza. Zilifika pwani kwa sababu watu walijuana.

Hebu tuitazame hali ilivyokuwa katika karne ya 19. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ulikuwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi kwa miguu. Gazeti halikuwako, wala simu. Tajiri wa pwani aliyetaka jina lake lijulikane Unyamwezi alitangazwa na vinywa vya wapagazi. Misafara ilipokaribia, watu wa mjini walitoka kwenda kuilaki, kila mmoja akiwania wageni wake. Aliyewapa mahali pa kulala na kuwapimia kwa haki alisifiwa kambi baada ya kambi. Aliyewapunja, habari zake nazo zilisafiri, pengine kwa kasi zaidi.

Uhusiano huo ulikuwa na taratibu zake. Mojawapo ilikuwa kuchanjiana damu. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, Stanley alishika bunduki upande wa Waarabu. Aprili 1876 wawili hao walikutana tena, safari hii kwa amani. Manwa Sera, mkuu wa watu wa Stanley, aliwachanja miguuni, damu ikachanganywa, zawadi zikatolewa pande zote mbili. Stanley alijipatia usalama wa njia. Mirambo naye alipata mtu wa kulifikisha jina lake Ulaya, kwa maana katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1878 yule adui wa jana alielezwa kwa sifa.

Hapa Bagamoyo tunaye Sewa Haji, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi. Stanley alipokuwa akitafuta wapagazi mwaka 1871 alielekezwa kwake, naye Sewa Haji alikuwa kijana wa miaka 20 hivi. Katika kitabu chake Stanley alimlalamikia sana kwa mambo ya hesabu. Kijana mwingine angekwisha sokoni. Lakini Sewa Haji alikuwa akijulikana na watu wengi kuliko mgeni mmoja mwenye kalamu, na miaka iliyofuata misafara mingi ya Wazungu iliendelea kupata bidhaa na wapagazi kwake. Baadaye alitoa mali yake kwa ajili ya shule na hospitali. Alifariki mwaka 1897, na hadi leo mgonjwa anayelazwa katika jengo la Sewahaji pale Muhimbili hulitaja jina lake, hata kama hajui alikuwa nani.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusiipambe historia. Njia zile zile zilizoleta pembe zilileta pia watumwa, na tabasamu la mwenyeji mara nyingine lilikuwa chambo tu. Kwa hiyo swali si kama mtu ana marafiki wengi, bali anawatafuta kwa nia gani.

Nayasema haya kwa sababu vijana wetu, wakiwemo wahitimu wa chuo cha sanaa hapa mjini, sasa wanauza ngoma na vinyago vyao kwa njia ya simu na intaneti. Wengi huanza kwa kupiga kelele: nunua, nifuate, niambie wenzako. Kisha hushangaa kwa nini hawasikilizwi. Mtu aliyeingia kambini bila salamu na kutandaza bidhaa zake hakusikilizwa pia mwaka 1870. Kwanza salimu. Isifu kazi ya mwenzako kabla ya kuisifu yako. Mwelekeze mteja kwa fundi mwingine iwapo huna anachotaka. Jibu swali hata la mtu asiyenunua. Hayo yote huchukua muda, na hayana njia ya mkato.

Biashara yenyewe ilikufa. Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, na reli iliyoanzia huko ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya miguu ikawa haina kazi. Lakini utani ulioimarika katika safari zile, kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, haukufa. Hadi leo mtani huja msibani bila kuitwa, akafanya mzaha hadi wafiwa wakacheka, kisha akashika jembe kwenda kuchimba kaburi. Hakuna anayemwuliza anauza nini.